Koti Lililovuka Mpaka

Zubair fundi cherehani alikuwa na mzaha mmoja wa mlangoni, na mzaha huo ulikuwa umetembea kuliko mabalozi wengi. Kampala aliutoa. Bujumbura aliutoa. Kule Lubumbashi, alikokwenda kushona sare za kwaya, aliutoa kwa Kifaransa cha kuokoteza, watu wakagaragara kwa kicheko, ingawa baadaye aliambiwa walikuwa wanakicheka Kifaransa. Mzaha wenyewe ulikuwa huu: akifika kwa watu habishi hodi kama binadamu wengine. Anasimama, anatanguliza tumbo, anapaza sauti: "Wenyewe! Mko hai au mmekufa?"

Mchana ule wa mwezi wa tano, mwaka tisini na nne, alisimama kwenye lango la boma moja nje kidogo ya Rangwe, upande wa Homa Bay. Mkononi alikuwa na kapu la zawadi kutoka Musoma. Nyuma yake alisimama mkewe, Shamima. Zubair akavuta pumzi mpaka kifungo cha shati kikalalamika.

"Jeremiah! Mwizi wa mahindi mabichi! Toka nje, mgeni wako kaja! Uko hai au umekufa?"

Mwanamke aliyekuwa akipepeta maharage na mtoto mgongoni aliacha ungo hewani. Maharage yakamwagika. Mwanamume aliyekuwa akinoa panga akaacha kunoa. Barazani, bibi kizee mmoja aliondoa mkono shavuni, polepole, kama mtu anayefunua chungu asichojua ndani mna nini. Kuku peke yao ndio walioendelea na shughuli zao.

Hakuna aliyecheka. Zubair alikuwa ameshaonja ukimya wa kila namna, wa wateja wasioipenda suruali na wa maaskari wasioupenda uso wake, lakini huu ulikuwa ukimya wa mtu aliyeingia msibani na tarumbeta. Masikio yakamwaka moto. Akatamani kapu lile lingekuwa kubwa, aingie ndani ajifunike.

Ndipo mtu akacheka.

Kilikuwa kicheko kizito, cha kifuani, kinachomaliza pumzi. Kilitoka nyuma yake. Zubair akageuka.

Alikuwa Shamima. Na Shamima, tangu waoane, hakuwahi kuucheka mzaha ule hata siku moja.

*

Jeremiah hakuwa mtu baki. Baba yake Zubair aliwahi kuweka cherehani kwenye baraza la duka pale Homa Bay mjini, na Zubair alikulia huko mpaka alipoanza kuota ndevu. Mama aliyemlisha nusu ya ugali wake alikuwa Mama Turfosa, na Jeremiah alikuwa mwanawe. Wawili hao waliiba mahindi pamoja, wakachapwa pamoja. Na katika dunia nzima, Jeremiah ndiye aliyekuwa akiicheka mizaha ya Zubair yote, hata ile mibovu. Akicheka hutupa mikono yote juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Baba alipofunga kazi na kurudi Musoma, Zubair alilia njia nzima, na mpaka leo anasema alikuwa akiililia ile hadhira yake.

Miaka ikapita. Salamu zikawa za kupitia kwa wavuvi. Kisha, baada ya Idd mwaka ule, Zubair akarudi kutoka safari ya Bukoba na mkewe akampokea na habari.

"Mgeni wako alikuja. Jeremiah wa Homa Bay."

"Jeremiah! Yuko wapi?"

"Ameondoka. Alikaa hapo kwenye benchi, akakataa chakula. Anakunywa maji tu. Jagi likiisha, analitazama mpaka nilijaze." Shamima akamletea koti jeusi, zito, la mtumba wa Ulaya. "Ameacha hili. Limechanika kwapani na linambana. Anataka ulipanue. Nimempima mwenyewe, kwa kuwa hukuwepo."

"Ulimpima wapi?"

"Kifua. Wewe unapima wanawake wa mji mzima, mimi nimekuuliza?"

Zubair akacheka, lakini kicheko kiliacha mwiba kidogo. Shamima hakuwa amewahi kumwona Jeremiah. Angeweza kuwa mtu yeyote. Na mtu gani huyo anayekuja siku ambayo mwenye nyumba hayupo?

"Amesema tulipeleke sisi wenyewe," Shamima akaongeza. "Amesisitiza. Usiende peke yako, uende na mimi."

Jambo jingine: futi kamba ya Zubair, ile ya njano iliyoungua ukingoni kwa pasi, ilipotea wiki hiyohiyo. Aliitafuta mpaka chini ya kuku anayeatamia. "Mgeni wako kaondoka nayo," alinung'unika. Shamima alisema hakumbuki kama aliirudisha msumarini.

Koti akalishona. Alifumua makwapa yote mawili, akaongeza kitambaa. Kitu kimoja tu hakukigusa. Kifungo cha tatu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa nyavu, wa kijani, mafundo juu ya mafundo. Ilikuwa kazi ya mtu asiye na uzi lakini mwenye mapenzi, na fundi mwenye adabu hafumui kitu kama hicho.

Wakasafiri. Walivuka mpaka kwa miguu asubuhi ya manyunyu, na walipofika Migori mjini Shamima alikuwa akitetemeka mpaka bangili zinalia. Kwenye duka la Osman, mfanyabiashara wa vitenge aliyejuana na Zubair, mume alilitoa koti kapuni akamvika mkewe mabegani. Akalifunga vifungo kimoja kimoja.

Osman akaacha kumimina chai. "Hilo koti mmelitoa wapi?"

"La rafiki yangu. Mvuvi."

"Nimekaa hapa na wavuvi miaka mingi," Osman akasema, amekunja pua kama anayenusa moshi. "Wananuka samaki. Hili linanuka chini ya ziwa."

Lakini chai ilikuwa tamu, na Osman alikuwa akienda Homa Bay kuchukua mzigo, akawapakia kwenye pikapu yake. Akawashusha Rangwe, Shamima bado amelivaa koti. Jioni akirudi, alisema, atapiga honi barabarani, ajue kama wamepokewa vizuri.

*

Sasa Zubair amesimama langoni, na kicheko cha mkewe ndiyo kwanza kimekatika.

Mama Turfosa alishuka barazani kwa fimbo. Alimtazama Zubair, akamtambua, macho yakamlegea.

"Suberi. Wuoda." Mwanangu, na jina lake kama alivyozoea kulitamka. Alimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Kwani hakuna mtu alikuambia? Jeremiah tulimzika. Mwaka juzi."

Yule mwenye panga akanyoosha ncha kuelekea kulia kwa nyumba kubwa, kwenye tuta la udongo lililoota nyasi. "Ulikuwa unauliza kama ako hai. Ako hapo." Huyo alikuwa Paul, mdogo wake Jeremiah, ambaye Zubair alimwacha akiwa mtoto wa kamasi.

"Hapo hayuko," mama akamkatiza. "Usidanganye mgeni. Hapo tulizika yago."

Ikabidi aelezwe, maana alihama kabla ya kufikia umri wa kuelezwa mambo hayo. Boti ilipinduka wakienda kisiwa cha Remba. Wengine ziwa liliwatema. Jeremiah lilimmeza. Ukoo ulingoja ufukweni mpaka wazee wakasema basi, mtu hawezi kukosa kaburi. Wakakata tunda la yago, lile refu kama mchi, wakalivika sanda, wakalilaza sandukuni, wakalilia kama mtu, wakalizika. Baada ya hapo mtu huyo amekufa. Hata akionekana anatembea, amekufa.

"Lakini, Mama, Jeremiah alikuja kwangu. Baada ya Idd. Mwaka huu."

Mwanamke wa maharage alisimama. Alikuwa Benta, mke wa Jeremiah.

"Wewe ulimwona?" aliuliza.

"Mimi sikuwepo. Alimwona mke wangu."

Macho yote yakamgeukia Shamima. Yeye hakuwa akisikiliza. Alikuwa akikipapasa kifungo cha tatu kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayepapasa kovu lake mwenyewe.

Benta akauona ule uzi wa kijani. Akajishika mdomo.

*

Paul alimvuta Zubair mpaka nyuma ya zizi la ng'ombe.

"Sema ukweli. Ako Musoma? Ako na bibi mwingine huko?"

"Wallahi sijui."

"Si ulikuja na koti yake?" Paul alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Sikia. Benta sasa ni bibi yangu. Wazee walikubali. Huyo mtoto ako mgongoni ni wangu. Jeremiah akikanyaga hapa, hii boma yote inakwisha. Kama umemficha, mwambie asikuje."

Zubair akamtazama kwa jicho jingine. Huyu mtu, alijiambia, anamwogopa kaka aliye hai kuliko kaka aliyekufa. Na mtu wa namna hiyo huwa na sababu.

"Na wewe, Paul, boti ikipinduka ulikuwa wapi?"

"Ndani ya boti." Paul aliutazama mkono wake wa kulia kama aliyeuazima. "Nilimshika. Nilimshika koti, hapa, kwa kwapa. Nikavuta. Ikapasuka. Nikabaki na hewa."

Vidole vya Zubair vilikumbuka. Kwapa la kulia, mchaniko mrefu, nyuzi zimevutika kwa nje. Alikuwa ameushona mwenyewe, huku anapiga mluzi.

*

Waliporudi ndani, Shamima alikuwa ameketi.

Sebule ile ilikuwa na viti vya kutosha, na kimoja cha mbao chenye mikono, kilichosogezwa kando na kufunikwa kitambaa cha kufumwa. Kitambaa kilikuwa sakafuni. Shamima alikuwa juu ya kiti, magoti yameachana, mikono juu ya mikono ya kiti.

"Shamima," Zubair akanong'ona, "hicho kiti mbona kama kina mwenyewe?"

"Najua," akasema.

Benta aliandaa ugali na samaki, kwa kuwa mgeni hafukuzwi na njaa. Akaweka sahani, hakukaa. Zubair aligeuza tonge lake mara mbili kabla ya kulimeza. Kwa nini mwenye nyumba hali nasi? Wametia nini humu? Alimchungulia Paul, akamchungulia Benta. Kisha akamchungulia mkewe, na tonge likakwama.

Shamima alikuwa mtoto wa Musoma asiyeweza kula samaki mwenye kichwa. Alisema macho yake yanamsimanga. Sasa alikuwa amekishika kichwa cha samaki kwa mikono miwili, anakifyonza. Jicho. Kisha la pili. Mifupa aliipanga ukingoni mwa sahani, mmoja mmoja, yote ikitazama mlangoni.

Benta aliitazama mifupa ile. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Mwiba wa Zubair ukageuka mkuki. Mke wake amejuaje kula kama Jeremiah? Nani amemfundisha? Siku zile za Bukoba, ni nani aliyekaa kwenye lile benchi, na alikaa kwa muda gani? Aliinama, akanong'ona: "Shamima. Yule mtu. Ulimjua vipi?"

"Nilimpima tu."

"Ukimpima ilikuwaje?"

Akafikiri. Kwa kitambo kidogo uso wake ukawa wake, wa mtoto aliyepotea sokoni. "Alikuwa baridi, Zubair. Nilimzungushia futi, ikawa haifiki. Nikavuta. Haifiki. Akasema, vuta, dada, vuta tu. Nikavuta mpaka shavu langu likagusa kifua chake. Hakukuwa na kitu kinachodunda."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisahau," akasema. "Nimekumbuka sasa hivi." Na uso ukafunga tena, kama dirisha.

Maji yalikuwa chini ya kiti. Zubair aliyaona kwa sababu ya miguu yake mwenyewe, maana viatu vilikuwa vimeanza kulowa. Sakafu ya udongo uliosiribwa samadi ilikuwa kavu kila mahali. Pale tu ndipo palipolowa. Koti kwa juu lilikuwa kavu. Maji yalidondoka kutoka upindoni. Tone. Tone.

Shamima akafungua kinywa. Sauti ikatoka chini sana.

"Benta. Kelna pi."

Benta, niletee maji. Kijaluo safi, kisicho na kigugumizi. Shamima hakujua Kijaluo. Hakujua hata kusalimu.

Mtoto mgongoni kwa Benta akaanza kulia. Benta mwenyewe hakulia. Machozi yalimtiririka tu, na miguu ikampeleka hatua moja kuelekea mtungini, kama ilivyozoea.

"Simama hapo," Mama Turfosa akasema kutoka mlangoni. "Usimpe."

*

Mama Turfosa alimtoa Zubair nje. Jua lilikuwa limeanza kuinamia vilima.

"Mtu tumezikia yago hawezi kupita langoni kwa miguu yake," alisema kwa sauti ya chini. "Anajua. Anatafuta mtu wa mbali, mtu hajui, amubebe. Nyinyi mumemubeba."

"Mama, mimi nilikuwa naleta koti tu. Manyunyu, mke wangu anasikia baridi…"

"Kwani nimekugombeza? Angekuwa amekuja kwangu, mimi mama yake, ningembeba na macho wazi." Akalitazama jua. "Lakini jua likizama ako ndani ya nyumba yake, amerudi. Na huyo msichana wako atakosa mahali pa kurudi."

Zubair aliingia ndani mbio. Akalishika koti kwa mabega, akavuta.

Shamima akapiga yowe. Lilikuwa yowe lake hasa, sauti yake ya Musoma. Koti halikujongea. Ilikuwa kama kuvuta gome kwenye mti mbichi. Zubair akaachia, na yule aliyemo ndani ya koti akamtazama kwa macho ya Shamima, akatabasamu kwa upande. Tabasamu hilo alilijua. Lilikuwa la shambani kwenye mahindi, kabla ya kukimbia.

"Koti nani alishona?" Mama Turfosa akauliza.

"Mimi."

"Basi fumua wewe."

Wembe ulikuwepo, fundi hasafiri bila wembe. Tatizo lilikuwa mikono. Aliyeketi aliibana mbavuni kabisa, makwapa hayaonekani, na mshono wa Zubair ulikuwa huko ndani. Paul alijaribu kuinua mkono mmoja, akarushwa mpaka kwenye kabati la vyombo.

Jua lilikuwa limefika kizingitini. Utepe mwekundu ulilala sakafuni, ukagusa yale maji.

Ndipo Zubair akakumbuka namna Jeremiah anavyocheka.

Akapiga magoti mbele ya kiti. Akaanza:

"Jeremiah. Unajua Bujumbura nilimshonea bwana harusi suruali, nikasahau zipu? Alioa akiwa ameshika kofia mbele. Padri akamwambia weka kofia chini, uko kanisani. Akasema, padri, nikiiweka hii, hapa hapatakuwa na harusi."

Kisha kifua kikatikisika. Kicheko kikapanda kutoka mbali, chenye maji ndani yake. Mikono yote miwili ikaruka juu.

Zubair akaingiza wembe. Kwapa la kulia. Nyuzi zake mwenyewe, moja, nyingine, nyingine. Harufu ikatoka. Matope. Mwani. Mikono ikashuka.

"Na yule mkuu wa polisi wa Kampala! Nilimkatia suruali, miguu yote ya kushoto! Akivaa, anatembea anazunguka. Akitumwa kukamata mwizi, anajikuta amerudi kituoni peke yake."

Mikono juu. Kwapa la kushoto. Zubair alikuwa akilia sasa, anakata na kusimulia, anasimulia na kukata, machozi na kamasi, na huku ndani kabisa, anakiri mwenyewe, alikuwa akifurahi. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amcheke namna ile.

Mikono ya koti ikaachana na kiwiliwili. Kikabaki kifungo cha tatu. Wembe wa Zubair ukauma uzi wa nyavu, ukateleza. Ukauma tena, ukateleza tena.

"Huo si wako," Mama Turfosa akanong'ona.

Benta alisogea. Alimpa Paul mtoto. Akachukua wembe, akainama mpaka paji la uso wake likakaribia kugusa la Shamima. Utepe wa jua ulikuwa mwembamba kama kidole.

"Benta," ile sauti ikasema.

"Enda, Jeremiah," akasema. "Mimi nimeolewa."

Akakata. Uzi ulikatika kama uzi wowote.

Koti lilianguka kwa kishindo cha wavu uliolowa ukitupwa juu ya mbao za boti. Shamima akaangukia mikononi mwa mumewe, mwepesi, baridi, nywele zimelowa.

*

Hawakumpitisha langoni. Paul alikata ua wa minyaa upande wa nyuma, akafungua tundu, na Mama Turfosa akamtoa Shamima hapo kinyumenyume, kisha akakaa naye nje ya ua. Koti, kwa kuwa Zubair ndiye aliyelileta, ilibidi Zubair alipeleke kaburini.

Paul alichimba. Udongo ulikuwa umeshikana, nyasi zimefuma mizizi. Hakuna jembe lililopita pale tangu siku ya maziko. Sanduku lilikuwa limeoza. Sanda ilikuwa imeoza. Paul akaondoa vipande, akasimama ghafla.

Yago lilikuwa bichi. Kijani, zito, kikonyo chake bado kinatoa utomvu, kama limekatwa asubuhi.

Na katikati yake, palipokuwa kama kifua, lilikuwa limezungushiwa futi kamba. Ya njano. Imeungua ukingoni kwa pasi. Imevutwa kwa nguvu mpaka imezama kwenye ganda, ncha kwa ncha, ikafungwa fundo.

Zubair alinyoosha mkono bila kujijua. Mama Turfosa, kutoka ng'ambo ya ua, akasema bila kupandisha sauti: "Wacha. Amepimwa. Hiyo ni yake."

Akaliweka koti. Wakafukia. Alipotoka kupitia lile tundu, honi ya Osman ikalia barabarani, na Zubair anasema hajawahi kusikia muziki mtamu kama ule.

Osman aliwaangalia walivyojaa matope. "Mmepokewa vizuri?"

"Sana," Zubair akasema. "Mpaka wametufungulia mlango wa pili."

Ulikuwa mzaha wa mwisho kumtoka njia nzima. Shamima alilala njia yote, akalala Migori nyumbani kwa Osman, akaamka, akavuka mpaka kimya. Ndani ya basi alimshika mumewe kidole. Chake kilikuwa na joto. Au Zubair alitaka kiwe na joto. Alimtazama anavyokunywa maji. Alimtazama anavyokaa, magoti vipi, mikono vipi. Alitoka pale bomani na mke. Lakini mke gani? Swali hilo humuulizi mtu, na hasa humuulizi mke wako. Kama yupo wa kumjibu, ni yule tu aliyebaki kule Rangwe na futi yake kifuani.

Walifika Musoma jua likiwaka, watoto wa jirani wanacheza mpira wa makaratasi. Zubair akatangulia kufungua. Kufuli lilikuwa kama alivyoliacha. Madirisha yamefungwa. Akasukuma mlango.

Kwenye msumari juu ya cherehani, pale pale ilipokuwa ikitundikwa siku zote, ilining'inia futi ya njano iliyoungua ukingoni. Fundo lilikuwa bado limo. Ilikuwa imelowa, na chini yake, juu ya meza, palikuwa na kidimbwi kidogo cha maji ya kijani.

Tone.

Zubair hakuingia. Alisimama mlangoni akiuziba mwili mzima. Nyuma yake, kwenye ngazi, Shamima alikuwa amelitua kapu, anamngoja. Zubair alikuwa amebakiwa na kipimo kimoja tu duniani. Akageuka. Midomo ilikuwa mizito kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino, lakini akaulazimisha ule mzaha utoke.

"Wenyewe," akasema. "Mko hai au mmekufa?"

Shamima alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu sana. Pembe moja ya mdomo wake ikatikisika, na Zubair akaushika mlango.

"Zubair," akasema, "huo mzaha ulikuwa mbovu tangu siku ya kwanza. Pisha mlango, niingie."